Kabla Hujasoma Chapa

Guled,

Miezi saba! Kutoka ofisini kwenu mpaka lango la kambi hii, mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani hata jasho halijamtoka sawasawa, amefika. Wewe una miguu mizima na viatu vya serikali, na kwa miezi saba umeshindwa. Mke wa mwizi humfuata mumewe gerezani mara nyingi kuliko nilivyofuatwa mimi na mtoto niliyemtafunia nyama kwa meno yangu wakati yake hayajaota.

Na usiseme walikuzuia langoni. Nilikuona Ijumaa ile. Gari la ofisi lilisimama pale pale kwenye seng'enge, umekaa nyuma, faili mapajani. Nilisimama na debe langu la maji nikakungoja uinue uso. Uliangalia magoti yako mpaka gari likaondoka. Ni magoti mazuri, sikatai, nimeyaosha mimi. Lakini siku ile yalikuwa na habari gani mpya?

Hizo ndizo salamu zangu. Sasa sikiliza.

Nimesikia kesho asubuhi unapanda lori la msafara kwenda Bute. Hukuniambia wewe. Aliyeniambia ni dresa, yule mtu wa Lamu anayefunga vidonda hapa kambini, na ndiye anayeandika barua hii, maana mimi kalamu naijua kwa sura tu. Namtupia Kiswahili changu cha soko la mbuzi, na Kisomali pale kinapokwama, naye anasafisha kama anavyosafisha vidonda. Kwa hiyo ukikuta neno tamu, ni lake. Makali ni yangu. Ameahidi kuipitisha langoni ndani ya mfuko wa bandeji na kukutia mkononi leo hii, jua likiwa bado juu. Hatuna muda mwingi. Filimbi ya kufunga lango ikilia, hata yeye hatoki.

Sikuambii uvae nini wala ule nini njiani. Ukisikia baridi utajifunika, ukisikia njaa una mshahara. Nataka kukuambia kuhusu kazi yenyewe.

Dresa amenieleza kwa nini, kati ya wakalimani wote, wamekuchagua wewe. Si Kiingereza. Wenye Kiingereza wamejaa hapo Garissa, wanakaa vibarazani wakingoja kuitwa. Wamekuchagua kwa sababu unajua kusoma chapa za ngamia. Huko Bute kuna ukoo umeambiwa ulete vijana wake walioko porini na bunduki, nao haukuwaleta, basi sasa wanyama wake wote watakamatwa mpaka uwalete. Lakini kisimani wanyama wa koo zote hunywa pamoja, na mgeni akiwatazama anaona shingo tu na vumbi. Kwa hiyo wanataka mtu wao wa kusimama mbele ya kundi na kusema: huyu ndiye, huyu siye.

Hilo hukufundishwa shuleni. Nilikufundisha mimi. Ulikuwa na miaka mitano, mama yako amekwisha kufa, nakuchorea kwa kidole mchangani mbele ya nyumba: duara, mwezi, mikuki miwili, mguu wa kunguru. Ukikosea nakuzaba kofi la kisogo. Ukipatia nakupa povu la juu kabisa la maziwa, na hukuwa unakosea mara nyingi, tumbo lako lilikuwa na akili sana. Wazee walikuwa wakipita wanakuita kwa jina langu mimi bibi yako, "Wewe, karani wa ayeeyo, hii ya nani?" Unajibu na masharubu yako ya povu. Nilijivuna mpaka shingo ikaniuma.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Na dresa atalisikia, kwa kuwa hakuna njia ya kukuambia wewe bila kumpitia yeye. Mungu amenipangia hivyo makusudi, nadhani. Majina ya koo sitayataja, karatasi hupita macho mengi. Nitasema watu wa mwezi, na watu wa mikuki miwili. Mikuki miwili ni sisi, ukoo wa babu yako, wewe unajua.

Ilikuwa kiangazi kabla hatujaletwa ndani ya seng'enge hii. Wewe ulikuwa Nairobi na vitabu vyako. Tulikuwa kisimani, siku ya zamu ya ngamia, wanaume wamevua mashuka wanavuta maji wakiimba. Malori mawili yakaja. Kumbe siku mbili nyuma lori la askari lilikuwa limepigwa njiani, na watu wa mwezi walikuwa ndio waliopiga kambi karibu na ile njia. Nani alilipiga? Mimi sijui mpaka leo. Labda walikuwa vijana wao. Labda walikuwa wapita njia. Aliyewauliza watu wa mwezi hakungoja jibu.

Akashuka ofisa kijana, buti safi, sauti ya upole. Nakuambia upole makusudi. Usingoje mtu mwenye mapembe. Akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba hana ugomvi na watu wote. Amekuja kuchukua wanyama wa ukoo mmoja tu, na wengine waendelee kunywesha. Akauliza nani anajua chapa.

Wanaume wakaangalia fimbo zao. Mkalimani aliyekuja naye, mtu wa kwetu mwenye miwani, akasema, "Hapa hakuna, Bwana. Hawa ni wavuta maji, wanawake na wazee, hawajui kitu."

Mimi nikasema, "Nani hajui kitu?"

Umeniona mara ngapi nikisema hivyo? Watu wakacheka, hata ofisa akacheka. Nikajitokeza na kijiti changu.

Nataka uelewe vizuri kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu ndicho kitakachokuwa kichwani mwako. Sikuogopa. Kama ningeogopa ningekuwa na kisingizio. Niliwaza hivi: hawa watachukua wanyama, nikitaka nisitake. Nikikaa kimya watachukua wote. Nikisoma, watachukua wa mwezi, na wetu watabaki. Kwa hiyo kusoma ni kuokoa. Ni mawazo mazuri, eti? Nimeyachunguza tangu siku ile, nimeyageuza kama mtu anayetafuta tundu kwenye kiriba, na kwa nje huoni tundu.

Nikaanza kutembea mbele ya kundi. Mwezi, mpeleke kule. Mikuki, mwache. Mwezi. Mguu wa kunguru, mwache. Askari wanatenganisha kwa fimbo, hawajui kuswaga ngamia, ngamia wanawatemea mate, watoto wanacheka. Ofisa anatembea pembeni yangu mikono nyuma. Akaniambia, "Mama, wewe ungekuwa karani ofisini kwangu." Guled, nilifurahi. Wanaume wa mwezi wamechuchumaa pale, wanaona mali ya baba zao inakwenda upande wa malori, na mimi nimefurahi kwa sababu mtu mwenye buti safi ameniita karani.

Ndipo nikamfikia Adey.

Adey alikuwa ngamia jike, mweupe, ana ndama wa miezi michache. Chapa yake ilikuwa mwezi. Lakini hakuwa akikamwa na watu wa mwezi. Alikuwa akikamwa na Dahabo, mjane wa kwetu, mke wa marehemu aliyekuwa akichimba visima. Dahabo hakuwa na mnyama hata mmoja. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, Salat, na ziwa lake lilikuwa limekauka. Mzee mmoja wa mwezi akamwona, akamwazima Adey amnyweshe mtoto mpaka ndama aachishwe. Wewe unajua desturi hii, umeikulia. Ngamia wa kuazimwa hubaki na chapa ya mwenyewe, lakini maziwa ni ya mwenye shida, na hata koo mbili zikichinjana, yule ngamia haguswi. Nilijua hilo. Kila mtu kisimani alijua. Dahabo mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda kutafuta kuni, mtoto mgongoni.

Mkalimani akauliza, "Na huyu?"

Nikasema, "Mwezi."

Neno moja. Tena la kweli. Angalia ujanja wa shetani: sikusema uongo. Ningeweza kuongeza, "Lakini huyu ameazimwa, anamlisha mtoto." Maneno matano. Sikuyasema, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na niliona nikianza kueleza eleza, ofisa ataanza kutilia shaka na wale niliosema ni wetu. Nikahamia kwa mwingine. Adey akaswagwa. Ndama wake wakamwacha, alikuwa mdogo mno kwa lori. Alilia siku mbili akizunguka pale aliposimama mama yake, siku ya tatu akalala chini.

Dresa ameweka kalamu. Nimemwambia aichukue.

Dahabo aliporudi na kuni akaambiwa serikali imechukua. Akauliza nani alisoma chapa. Watu wakasema mkalimani. Wote walisema hivyo, bila kupatana. Nusu yao walikuwa na wanyama nyuma yao waliobaki kwa sababu yangu, basi walinilinda, na hakuna kitu kinachoniumiza kama ulinzi ule.

Na usidhani hata wale niliowaokoa waliokoka. Mwezi mmoja haukuisha, amri mpya ikaja: koo zote, chapa zote, watu wote waingie vijijini nyuma ya seng'enge. Ngamia wa babu yako wakapigwa risasi wengine, wengine wakaswagwa kwenda kusikojulikana. Niliyekuwa nikimwita tumaini letu, yule mwekundu mwenye nundu iliyolalia kulia, nilimwona amelala ubavuni kwenye njia ya lori, mikuki yake miwili juu, safi kabisa, mtu yeyote angeweza kuisoma.

Humu ndani wakatupanga. Nyumba yangu na ya Dahabo zikawa ubavu kwa ubavu. Tunatumia meko moja. Ananiita eeddo, kama mimi ni shangazi yake wa damu. Kila majani ya chai tunayachemsha mpaka yanasahau kwamba ni majani, naye ananiambia, "Eeddo, hii si chai, hii ni kivuli cha chai kimepita juu ya sufuria." Ni mchekeshaji yule, mpaka leo. Hilo ndilo linaloniua.

Wakati ule lori la unga na maziwa ya kopo lilizuiwa ng'ambo ya Tana. Walisema wazi: chakula kitavuka vijana wakitolewa. Maduka yakakatazwa kuleta sukari, majani, nguo, dawa. Vijana walioko porini, nikuambie, hawakukonda. Wao wana bunduki, mwenye bunduki si wa kwanza kushikwa na njaa. Waliokonda ni wale ambao hata wangetaka kutoa mtu, hawakuwa na wa kumtoa. Dahabo angemtoa nani? Marehemu?

Salat alikuwa na tabia moja. Mama yake alikuwa bado na kile chombo chake cha kufuma cha kukamia, na kila asubuhi alikifukiza kwa kaa la moto kama vile maziwa yanakuja, kwa mazoea tu. Mtoto alikuwa akikichukua na kulamba mdomo wa chombo, kwa ajili ya ile harufu ya moshi na maziwa ya zamani. Alikuwa akikaa mlangoni kwangu analamba chombo kitupu na kunitazama. Hakulia. Watoto waliokuwa wakilia ndio walikuwa bado na nguvu. Alikufa siku moja adhuhuri, kimya, mama yake akidhani amelala. Dresa ndiye aliyechimba kaburi, kwa sababu wanaume wetu siku ile walikuwa wamepelekwa kukata miti ya boma.

Wiki iliyofuata akaja daktari mmoja wa kigeni, mwembamba, pua imechunwa na jua, amepewa ruhusa ya siku mbili. Nilikuwa nyuma ya zahanati naosha bandeji. Akakutana na ofisa pale mbele, yule yule wa buti safi, wakazungumza Kiingereza, na baadaye dresa akanipa yote. Daktari alisema mataifa yameandika na kutia sahihi kwamba hata vitani mtu haadhibiwi kwa kosa ambalo hakulitenda mwenyewe. Akasema unaweza kumnyima adui silaha, unaweza kumfungia njia, lakini maziwa ya mtoto si silaha.

Ofisa hakukasirika. Alisema, "Daktari, hiyo ni sheria ya vita. Hapa hakuna vita. Hapa kuna shifta na watu wanaowaficha."

Siku ile tulikuwa tumezika watatu. Nikamuuliza dresa, "Kama hakuna vita, hawa umeandika wamekufa na nini?"

Akasema, "Tumbo, bibi. Niliambiwa niandike tumbo."

Kisha ofisa akasema neno jingine, na hili lilinichoma zaidi kwa sababu lina nusu ya ukweli. Alisema, "Tena wao wenyewe ndivyo wanavyofanya. Mmoja akiua, ukoo mzima unalipa diya. Mimi nimefuata desturi yao."

Nimekaa na neno lile muda mrefu, Guled, na huko Bute utalisikia, kwa hiyo lisikukute umelala. Ni kweli tunalipa pamoja. Lakini kwenye diya watu hukaa chini. Kosa hutajwa, na aliyefanya hutajwa. Mlipaji hukataa, hubembelezwa, hutukana, hupewa chai, hukubali. Kinacholipwa kinakwenda kwa aliyefiwa, hakiendi kuoza njiani. Na anayekwenda kukusanya, hata akiwa na hasira ya namna gani, akifika kwenye nyumba ya mjane anayenyonyesha kwa ngamia wa watu, anapita. Hakuna aliyeandika. Lakini anapita.

Kwa hiyo sheria ya yule daktari haikuwa ngeni kwangu. Niliijua kabla mama yake hajamzaa. Ofisa hakujua habari ya ngamia wa kuazimwa, nani angemwambia? Mimi nilijua. Siku zote tunasema walitufanya hivi, walitufanya vile, na walitufanya, sitapunguza hata chembe. Ila pale kisimani, mahali pale Adey aliposimama, aliyekuwa akijua sheria alikuwa mtu mmoja, na alikuwa ameshika kijiti.

Jioni moja Dahabo alikuwa anakoroga uji, akaniambia, "Eeddo, yule mkalimani wa miwani aliyemsoma Adey wangu, huwa namfikiria. Mungu aukaushe ulimi wake kinywani. Ayaone maji mchana wa jua, asiweze kumeza."

Nikasema, "Amin."

Ungesema nini wewe? Nilisema amin, na nikapokea uji wake nikanywa. Tangu siku hiyo kila asubuhi naugusa ulimi wangu kwa kidole kuona kama umebaki.

Sasa wewe. Najua utasema, ayeeyo, mimi ni mkalimani tu, natia neno la huyu kwenye sikio la yule. Usiniambie habari ya "tu". Mimi nilikuwa kijiti tu. Utasema nikikataa watampata mwingine. Watampata, tena upesi. Utasema nikiwemo mimi angalau mtu wa kwetu yumo ndani. Yule wa miwani naye alikuwa wa kwetu, na sasa analaaniwa kila jioni kwa kosa ambalo ni langu. Hapo napo pana mtu anaadhibiwa kwa kosa la mwingine, na aliyemfanyia ni bibi yako.

Sikuambii uache kazi. Ningekuwa mnafiki, unga ninaokula wiki hizi umetoka kwenye mshahara wako, ingawa unautuma kwa mikono ya watu. Nakuambia jambo moja, na ndilo peke yake ambalo kiangazi kile kimenifundisha. Chapa inasema ngamia alizaliwa kwa nani. Haisemi anamlisha nani. Utakapowekwa mbele ya kundi na kuulizwa "na huyu?", kabla hujasoma chapa, geuka kwa watu waliochuchumaa, uliza kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu aliyelishwa nyama na mimi: nani anamkama? Watakujibu. Mwanamke atainua mkono, au mtoto atamtazama yule ngamia kwa namna ambayo utaielewa. Halafu ulitie lile jibu kwenye Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya wote, ofisa asikie, askari wasikie, hata kama hakukuuliza. Hasa kama hakukuuliza.

Huenda watamchukua hata hivyo. Sikufichi. Mimi ningeyasema yale maneno matano, huenda Adey angeswagwa vile vile na Salat angekuwa pale pale alipo. Lakini ofisa angekuwa amejua anachokifanya. Yule alirudi mjini akalala vizuri, akidhani amekamata ngamia. Nilimpa mimi usingizi ule.

Na huenda watakufukuza, au watakutia ndani. Nimelifikiria hilo. Sina mtoto mwingine wala mjukuu mwingine, mikono yangu imekwisha, na kesho nikianguka hapa nitaokotwa na Dahabo. Bado nakuambia. Na ukisoma kimya kimya kama nilivyosoma mimi, sitakulaani, sina ulimi wa kumlaani mtu. Nitajua tu kwamba nilikufundisha vizuri mno pale mchangani.

Dresa anasema karatasi inakwisha na jua limeanza kuegemea. Amelowa macho, mtu mzima, nimemwambia aangalie asiharibu wino. Ninabonyeza kidole gumba changu hapa chini. Ni kile kile kilichokuchorea mwezi.

Akishaondoka na mfuko wake, mimi nitakwenda hapo mlango wa pili. Dahabo anapepeta, nasikia ungo wake. Nitakaa chini na kumwambia nani alisoma. Nimengoja mwaka mzima nafasi nzuri, na nafasi nzuri haipo. Siwezi kukutuma wewe ukaseme mbele ya watu wenye bunduki huku mimi nashindwa kusema mbele ya mwanamke mwenye ungo. Akinipiga, nitapigwa. Akihamisha mafiga yake, nitapika peke yangu. Akicheka, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Basi utakaporudi kutoka Bute, usianzie kwangu. Mimi nimezoea kungoja. Njiani, kwa mtu yeyote mwenye ngamia anayekamwa, omba maziwa, usiyanywe. Ingia langoni, pita mlango wangu hata ukiniona nimesimama, nenda kwa Dahabo, mwambie wewe ni mjukuu wa nani, na umwombe akuletee kile chombo chake. Asipofungua, keti hapo nje na maziwa mapajani mpaka afungue, na mara hii usiangalie magoti yako.

Ayeeyo yako